Safu Mbili: Juu ya Orodha za Vitenzi vya Kiingereza Zinazouzwa Temeke na Kinondoni

Karatasi niliyo nayo mezani ilinunuliwa Mbagala Rangi Tatu, katika kibanda cha kutoa nakala karibu na kituo cha mabasi. Ina kurasa nne, na kila ukurasa umegawanywa kwa mstari wa rula: kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Jina la mtungaji halimo. Karatasi za namna hiyo hiyo nimeziona Tandika, Mwananyamala na Kigogo, mikononi mwa wanafunzi wa masomo ya jioni, na nyingine zimenakiliwa mara nyingi hata herufi zake zimefifia. "Give up", yasema karatasi, ni kata tamaa. "Put off" ni ahirisha. "Turn down" ni kataa. "Look up" ni tazama juu. Ndivyo iendeleavyo mpaka mwisho, vitenzi mia na ushei, kila kimoja na neno lake au mawili, wala hapana sentensi hata moja.

Huenda msomaji akastaajabu kuona karatasi ya kibandani inafanyiwa uhakiki katika jarida la Kiswahili. Jibu langu ni kwamba nusu ya maneno yake ni yetu. Hii ni kamusi, ijapokuwa ndogo, na nathubutu kusema kwamba katika mitaa ile imo mikononi mwa vijana wengi kuliko kamusi yo yote iliyopata kutolewa na chuo kikuu. Basi na ipimwe kama kamusi.

Aliyenifikisha kwenye kibanda kile ni kijana mmoja wa Temeke niliyepata kumfundisha zamani. Aliomba kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja, akaitwa kusailiwa siku ya Jumatano. Kisha akapata barua ya pili, ya mistari miwili, kwamba usaili umekuwa "brought forward by two days". Siku yenyewe haikutajwa. Kijana akahesabu siku mbili mbele, akafika Ijumaa asubuhi katika shati lililopigwa pasi, akaambiwa kwamba usaili ulikwisha tangu Jumatatu na nafasi imepata mtu. Jioni ile alinijia nyumbani.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba unisaidie neno moja. 'Forward' si mbele?"

Nikamwambia ni mbele.

"Na mbele ya Jumatano si Ijumaa?"

Sikuwa na jibu la papo hapo, maana hoja yake kwa Kiswahili haina kasoro. Tukisema mkutano umesogezwa mbele, kila msikilizaji aelewa kwamba umeahirishwa. Akanionyesha karatasi aliyojifunzia, na kitenzi kile kimo, katika ukurasa wa kwanza: "bring forward", leta mbele, sogeza mbele. Kesho yake nilikwenda Mbagala kununua yangu.

Tulitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndilo lililonifundisha zaidi. "Bring" ni leta, hapana ubishi. "Forward" ni mbele. Napo hapana ubishi. Lakini maneno mawili yaliyofasiriwa sawa yametoa jumla iliyo kinyume kabisa cha maana. Sababu ni kwamba wakati hauna mbele wala nyuma yake mwenyewe. Ni sisi tunaoupa. Kwa desturi ya Kiswahili msemaji ni msafiri, siku zijazo ziko mbele yake njiani, na kitu kikisogezwa mbele kinazidi kuwa mbali naye. Kiingereza nacho chajua sura hiyo, lakini chajua na nyingine, ambayo kwayo siku ndizo zinazotembea zikija kwetu, na mbele yake ni upande unaotuelekea. Waingereza na Wamarekani wenyewe hukanganyika hapa. Wataalamu wa saikolojia walipowauliza, katika miaka ya 1990 na baadaye, mkutano wa Jumatano uliosogezwa "forward" siku mbili utakuwa lini, wengine walijibu Jumatatu na wengine Ijumaa. Swali lile lilitumia "moved". Katika "brought forward" hawagawanyiki, na kinachowapatanisha ni kile kitenzi tulichokidharau kwa sababu twakijua. Mtu huleta kitu huku aliko. Usaili ulioletwa ni usaili uliokaribia, basi ni Jumatatu. Na "put back", ambayo sikio la Mswahili lingeisikia kama kurudisha nyuma, yaani kuwahisha, kwa Mwingereza ni kuchelewesha.

Nimekwisha kuliandika neno lililotakiwa: wahisha. Usaili umewahishwa kwa siku mbili. Ni neno la kila siku, lasemwa na kila mama anayempeleka mtoto shule. Mtungaji wa karatasi alikuwa nalo kinywani. Hakulitumia kwa sababu alifasiri maneno mawili yaliyokuwa mbele ya macho yake, badala ya kujiuliza Mswahili husemaje jambo kama hili linapotokea. Hapo ndipo ninapomshitaki, na shitaka ni la Kiswahili kabla halijawa la Kiingereza.

Tabu hii si ngeni. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alikwisha kuona kwamba vitenzi vinavyobadilishwa maana na kijineno kinachofuata ndivyo vinavyowasumbua wageni kuliko maneno mengine. Jina la "phrasal verbs" lilikuja baadaye sana. Logan Pearsall Smith alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1925, akieleza kwamba alipewa na Henry Bradley. Mimi nitaviita vitenzi vya maneno mawili, mpaka apatikane mwenye istilahi bora. Johnson wetu ni mwingine. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, ndiye aliyeongoza kazi ya kamusi sanifu ya Kiingereza na Kiswahili iliyotoka mwaka 1939, baada ya yeye kufariki, juu ya msingi uliowekwa na Madan mwaka 1894. Ni kazi kubwa, nami naiheshimu. Walakini yafaa tukumbuke ilitungwa kwa ajili ya nani. Mtumiaji wake alikuwa mtu ajuaye Kiingereza: bwana shauri, mmisionari, daktari. Mtu wa namna hiyo alijua tangu utotoni tofauti ya "put out" na "put off". Alichokosa ni zima na ahirisha. Kamusi haikuwa na haja ya kumweleza kwamba "it" huingia katikati ya maneno yale mawili. Ingemweleza, angecheka.

Lakini mwanafunzi wa Temeke yuko upande wa pili wa daraja. Yeye anajua zima na ahirisha barabara. Anachokosa ni kila kitu ambacho kamusi ile ilikuwa na haki ya kukinyamazia. Tangu mwaka 1967 mtoto wa shule ya msingi ya serikali husomeshwa kwa Kiswahili, na akifika Kidato cha Kwanza hukuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Ni katika kizingiti hicho karatasi hizi huuzwa. Zimefuata desturi ya kamusi ya mgeni, kitenzi na kisawe chake, zikampa mwenyeji. Kamusi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1996 ilimkumbuka zaidi Mswahili, lakini atungaye karatasi ya kurasa nne huchukua kisawe cha kwanza akaacha vingine, na kuacha huko ndiko kunakoharibu. Vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya wageni hasa, kuanzia kile cha Hornby na wenzake kilichochapwa Tokyo mwaka 1942 hadi kamusi ya Cowie na Mackin ya mwaka 1975 iliyoshughulikia vitenzi hivi peke yake, huonyesha vizuri mahali pa kila neno katika sentensi. Ila vyote ni Kiingereza juu ya Kiingereza, na haviwezi kujua Mswahili atajikwaa wapi.

Na atajikwaa wapi? Chukua "turn down", kataa. Kwa Kiswahili mtu hukataa zawadi, hukataa ombi, hukataa kwenda, hukataa kwamba hakuiba. Basi mwanafunzi mwenye karatasi huandika "He turned down to go", na mwalimu humpigia mstari mwekundu bila ya kumwambia kwa nini. Kosa si lake. Safu ya kulia ilimpa kataa yote, na safu ya kushoto ilikuwa na sehemu tu ya kataa, ile ya kutopokea kinachotolewa au kinachoombwa. Aidha "turn down" yenyewe ina shughuli nyingine ambayo karatasi haikuitaja, kupunguza sauti ya redio, ambayo katika nyumba zetu za Tandika, zilizopakana ukuta kwa ukuta, ndiyo ingetumika kila usiku.

"Give up" nayo si kata tamaa peke yake. Aachaye sigara hakukata tamaa. Pengine ndiyo kwanza amepata tumaini. Kijana ampishaye bibi kiti ndani ya daladala naye kwa Kiingereza "gave up his seat", na mhalifu aliyejisalimisha polisi "gave himself up". Kinachofanana katika yote ni kuachia kitu kilichokuwa mkononi: tumaini, desturi, kiti, nafsi. Achia ndilo neno lililostahili kuandikwa kwanza, kisha matawi yake. Kwa "look up", tazama juu, sitapoteza wino, ila kwa kutaja kwamba maana ambayo mwanafunzi huihitaji mapema kuliko zote ni kutafuta neno katika kamusi, nayo haimo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo karatasi ingeweza kulifanya vizuri kuliko kitabu cho chote cha Oxford, kwa kuwa imo ndani yake lugha yetu. Kiingereza hubadilisha maana kwa kubadilisha kijineno kilicho nje ya kitenzi; Kiswahili hubadilisha kwa mnyambuliko, ndani ya kitenzi chenyewe. Kazi ni moja, mahali ni mbalimbali. Mwingereza hulipa deni, "pay", na hulipa kwa ajili ya chakula, "pay for". Sisi twasema lipa na lipia. Huuliza, "ask", na huulizia hali ya mgonjwa, "ask after". Hulia, "cry", na hulilia, "cry for". Hukimbia na hukimbilia. Kile kijisauti kidogo cha kauli ya kutendea, ambacho mtoto wa miaka mitatu hakikosei, ndicho anachokitafuta mwanafunzi wa miaka kumi na mitano ndani ya "for" na "after" na "to". Hapana aliyemwambia kwamba anakijua.

Mara nyingine vitu hugeuka kwa namna ya kupendeza. Zima ni moja kwetu: moto, taa, mshumaa, redio, injini, vyote huzimwa. Kiingereza hutaka "put out" kwa moto, "turn off" kwa redio, "blow out" kwa mshumaa unaopulizwa, na katika Afrika Mashariki yote wenye ndimi za hapa wamevichanganya wakapata "put off the lights". Lakini tazama kinachotokea tukinyambua. Aliuzima moto: "he put it out". Moto ulizimika: "it went out". Mgonjwa alizimia: "he passed out". Kwetu mzizi umekaa na mkia umebadilika. Kwao kijineno kimekaa na kitenzi kimebadilika. Mwanafunzi akiona sentensi hizi tatu ubaoni, "out" haitakuwa tena nje; itakuwa ile hali ya kuzimika ambayo tayari ina jina kwake. Kisha na aonywe kwamba "pass out" ina maana ya pili, kuhitimu mafunzo ya askari, asije akasoma katika gazeti la Kiingereza juu ya gwaride la Kurasini akadhani vijana wa polisi wameanguka wote kwa jua.

Niliposema kwamba "it" huingia katikati nilikuwa na maana hii. Kosa lililoenea kuliko yote katika madaftari niliyoyasahihisha ni "put off it". Karatasi imeyafundisha maneno mawili kama neno moja, "put off" ni ahirisha, na mwanafunzi, ajuaye kwamba kwa Kiingereza mtendwa hufuata kitenzi, ameweka "it" nyuma ya lile analolidhani ni neno moja. Lakini kwa lugha yake mwenyewe kiwakilishi cha mtendwa hakikai nje. Twasema uahirishe, iwashe, kitupe. U na i na ki zimo ndani. Mwambie kwamba katika "put it off", "turn it on" na "throw it away" Mwingereza amefanya kama Mswahili, amekiingiza kiwakilishi ndani, na hatasahau. Bado yapo yale ya "look after him" na "wait for it", ambamo kiwakilishi hubaki nyuma. Haya kwa sehemu kubwa ni ya ukoo wa lipia na ngojea: kijineno chenyewe ndicho kinachomtaka mtendwa, kwa hiyo humtangulia. Nakiri kanuni hii haifiki kila mahali. Inafika mbali kuliko orodha.

Yuko atakayepinga kwamba lugha mbili hazifanani kiasi hiki, na kwamba mwanafunzi hawezi kupata sababu ya "up" katika "give up" kwa mnyambuliko wo wote. Ni kweli. Kwa wanaodai sababu nina dawa nyingine, nayo ni kuwauliza sababu zetu. Kata ni kwa kisu. Mbona twakata tamaa, twakata rufaa, twakata shauri, twakata kiu, twakata kona, na asubuhi twakata tiketi? Mbona twapiga pasi, twapiga simu, twapiga magoti, twapiga kura, twapiga hodi, na katika yote hayo hapana aliyepigwa? Nimelijaribu swali hili katika darasa la jioni huko Mwananyamala. Walicheka kwanza, kisha wakaanza kubishana, na mmoja akagundua kwamba katika kata tamaa, kata shauri na kata kiu kuna kufikia kikomo, bali katika kata rufaa hakuna. Hakuna aliyeuliza tena kwa nini "up". Walikuwa wameona kwamba lugha yao nayo ina mambo yaliyozoewa bila ya kuelezwa, na kwamba waliyapata kwa kuyasikia katika sentensi, mmoja mmoja, miaka kadha wa kadha.

Jambo moja dogo zaidi. Watu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam husema "I will pick you at five" bila ya "up", na walimu hulihesabu kosa. Mimi nasikia Kiswahili chini yake: nitakupitia saa kumi na moja. Pitia imemaliza kazi peke yake, na msemaji haoni pengo ambalo "up" ingeliziba. Afundishwe kuiweka anapowaandikia watu wa London. Lakini nani atasema kwamba sentensi iliyoeleweka katika miji mitatu ni ujinga?

Watetezi wa karatasi wana hoja yao, nami sitaificha. Ni rahisi, yakunjika mfukoni, na mwalimu mwenye wanafunzi themanini katika chumba kimoja hana nafasi ya kuuliza habari za kata na piga. Tena wako wanafunzi wanaoviepuka vitenzi hivi kabisa, wakaandika "postpone" na "extinguish" na "tolerate", wakapata alama nzuri. Maneno hayo ya Kilatini yaoana na ahirisha, zima na vumilia moja kwa moja, kama soksi na mguu. Katika kuandika yafaa. Katika kusikia hayafai kitu, kwa maana barua za ofisi, maagizo ya kazini na mazungumzo ya simu yamejaa haya ya maneno mawili, na anayeyasikia hana ruhusa ya kumchagulia msemaji maneno. Yule kijana angeandika "advanced" na "postponed" bila ya wasiwasi. Yeye hakuandika barua ile, aliipokea.

Mtungaji asiye na jina simlaumu kuliko ninavyotulaumu sisi wenye vyeo vya uchunguzi. Tumeandika mengi juu ya kauli ya kutendea, tukisomeana wenyewe kwa wenyewe, tukamwachia mwenye kibanda kazi ya kuipeleka Mbagala.

Nimeanza kuuandika upya ukurasa wa kwanza. Kila kitenzi kina sentensi mbili za Kiingereza na mbili za Kiswahili, kiwakilishi kikiwa mahali pake, na "bring forward" imepata wahisha. Vitenzi ishirini na vitano vya ukurasa ule vimejaza kurasa sita, jambo ambalo mwenye kibanda hakulifurahia, kwa kuwa huuza kwa ukurasa. Vingine bado vimenishinda. "Get over" nimeiandikia pona kwa ugonjwa, na sahau kwa msiba, lakini aliyefiwa akaendelea kuishi hakusahau, na zoea ni neno baridi mno. Mwenye neno bora, la Pwani au la bara, naomba aniletee.